Nafasi ya Kumi na Sita

Koleta mwanangu,

Msimbo ni alama fupi inayosimama mahali pa neno refu, kwa sharti moja: pawepo orodha ambayo kwayo alama hiyo inaweza kurudishwa kwenye neno lake, lilelile na si jingine. Sharti hilo likitimia, msimbo umefupisha. Lisipotimia, msimbo umefuta, hata kama karatasi imejaa tarakimu na kila safu imenyooka.

Nimeanza hivyo kwa sababu nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu. Mama yako husema kwamba siwezi kuomba chumvi mezani kabla sijaeleza chumvi ni nini. Habari za maji ya kuchemsha, za chandarua, za namna ya kukaa kwa watu mjini Dar, ameshakupa yeye, na amekupa vizuri kuliko ambavyo ningeweza. Haya yangu ni ya aina nyingine. Kwa desturi ya watu wa mama yako, anayepaswa kuzungumza nawe usiku huu wala si baba. Mtoto ni wa ukoo wa mamaye, na anayemtuma njiani ni mjomba. Mimi katika ukoo wenu ni mgeni niliyepewa kiti. Lakini mjomba wako Kobelo hayupo, na njia iliyomwondoa ilipita juu ya meza yangu ya kazi. Kwa hiyo nimeshika kalamu mahali pake, nikijua kwamba sikupewa.

Mchana, tulipokuwa tunakula, ulinionyesha orodha utakayofanya nayo kazi huko kwenye kampuni ya bima. Ulinieleza kwamba kila mteja ataingizwa kwenye kompyuta kwa kazi yake, mahali anapoishi na aina ya nyumba yake, na kwamba programu itajifunza kutokana na wateja wa zamani ili itabiri nani ana hatari kubwa na nani ana hatari ndogo. Nilipitisha kidole juu ya orodha ile. Mfanyabiashara. Mtumishi wa serikali. Mkulima, naye ni mmoja tu: wa kabichi kule Mgeta na wa mkonge kule Kimamba wamelazwa kitanda kimoja. Na chini kabisa, Nyinginezo. Nikakuuliza nani huingia hapo.

"Wale wasioeleweka, Baba," ukasema huku unacheka. "Ni wachache."

Niliendelea kuitazama orodha. Ukadhani nawaza ile kompyuta yetu ya zamani, ukaniambia kwa upole, kama mtu anayemfariji mgonjwa, "Shida yenu ilikuwa nafasi. Siku hizi diski ni kubwa, hakuna tena sababu ya kubana."

Mama yako akainuka kwenda kuchota maji, ingawa jagi lilikuwa limejaa.

Nakuandikia kwa sababu sikukujibu.

Mradi wa kompyuta ile ulipokuja, wewe ulikuwa bado unavaa sare ya shule ya msingi. Ilikuwa miaka ya mageuzi, serikali ikijitoa katika jambo moja baada ya jingine. Wenzangu chuoni walikuwa wanapunguzwa kazini. Idara yenye mfadhili iliishi, na isiyo na mfadhili ilisubiri barua. Kule juu Mgeta mambo yalikwenda kwa kasi ya namna nyingine. Ushirika ulibaki jengo lenye kufuli, na kila mtu akawa huru kumuuzia amtakaye. Malori ya Dar yalipanda mlima tupu na kushuka yamesheheni kabichi, karoti na njegere. Miteremko iliyokuwa ikiachwa msitu ikalimwa hadi kwenye mabega ya mlima, na nyumba zilizokuwa juu zikaanza kuteremka kufuata barabara. Tulitakiwa kutabiri ni mashamba gani yataporomoka. Vijana wetu walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza: udongo wa shamba hili mnauitaje, mteremko ukoje, mnapanda nini, kuna matuta au hakuna, limewahi kuporomoka? Kutokana na mashamba yaliyokwisha kuanguka, programu ingejifunza dalili, kisha ingetuonyesha yaliyokuwa njiani kuanguka.

Kompyuta ilikuwa moja, katika chumba pekee chenye kiyoyozi. Tulikuwa tukivua viatu mlangoni. Kumbukumbu yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba kuandika jina la udongo kwa herufi zake zote, shamba baada ya shamba, kungeimaliza kabla hatujafika nusu ya kata. Nikafanya kama unavyofundishwa: kila jina nililipa namba, nikahifadhi namba badala ya jina, na orodha ya kurudishia nikaiweka pembeni.

Kosa la kwanza nililiona mapema. Udongo mwekundu ulikuwa namba tatu na kichanga namba sita, na programu, ambayo haijui lolote ila hesabu, ikachukulia kwamba kichanga ni mwekundu mara mbili. Ikawa inatafuta mpaka kati ya nne na tano, kana kwamba udongo ni kimo cha mtu. Nilikaa na jambo hilo hadi nikalitatua. Badala ya namba, kila aina nikaipa nafasi yake ya ndiyo au hapana. Mashine ile ilibeba nafasi za namna hiyo kumi na sita kwa mkupuo mmoja. Fikiria nyumba ndefu ya vyumba kumi na sita, taa ikiwaka katika chumba kimoja tu: taa ikiwa chumba cha tatu, shamba hilo ni la udongo mwekundu, na hakuna chumba kilicho kikubwa kuliko kingine. Ilikuwa kazi safi. Nilijivuna nayo, na mpaka leo, nikiitazama kama kazi, naona nilikuwa na haki ya kujivuna.

Tatizo ni kwamba majina ya udongo yalikuwa mengi kuliko vyumba. Niliyapanga kwa wingi wa kutajwa. Kumi na tano ya mwanzo yakapata chumba kila moja. Yaliyosalia nikayaingiza yote katika chumba cha mwisho, nikakiita Mengineyo.

Aliyekuwa anaingiza data ni Bi Zuhura, karani wetu, ambaye hakuwahi kupitisha saa nzima bila mzaha.

"Mwalimu, huu unaokoroma niuweke wapi?"

"Unaofanya nini?"

"Unakoroma. Wameandika hivyo kitongoji kizima. Labda vijana wako waliwauliza wakiwa wamelala."

Chumba kizima kilicheka, nami nikacheka.

"Wako wengi?"

"Hata vidole vya mikono vinabaki."

"Mengineyo."

"Mengineyo," akarudia kama mtu anayeitikia dua, akabonyeza.

Utaniuliza kama ningeweza kuongeza nyumba ya pili ya vyumba kumi na sita. Ningeweza. Ingebidi data isomwe kipande kwa kipande kutoka kwenye disketi, na ulikuwa wakati wa mgawo wa umeme. Hizo ndizo sababu nilizowapa watu baadaye, na zote ni za kweli. Lakini najua pia kwamba hata umeme ungekuwapo usiku na mchana nisingeongeza. Nilipenda kumi na sita. Nilipenda kwamba hakuna nafasi iliyobaki tupu.

Sasa tazama kilichomo ndani ya chumba kile. Mlikuwa na mfinyanzi wa mabondeni usiosogea hata kidogo, changarawe za juu ya miamba, udongo mweusi wa kingo za mito, na huo unaokoroma, wote chini ya taa moja. Programu ilipojifunza habari za Mengineyo ilijifunza habari za kitu ambacho hakipo popote duniani. Kwa kuwa wengi katika mchanganyiko ule walikuwa watulivu, ikahukumu kwamba Mengineyo ni tulivu. Kwenye ramani tukaipaka kijani.

Nilikwenda Mgeta mwenyewe kuionyesha ramani. Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa shule, watu wamekaa kwenye nyasi, na mjomba wako mbele kabisa kwa sababu mimi ni shemeji yake na alitaka kila mtu ajue. Unamkumbuka: sauti yake ilikuwa ikifika kabla yake.

"Shemeji Mwalimu, hiyo mashine imewahi kupanda huku?"

"Haihitaji kupanda."

"Basi imetushinda wote. Sisi mpaka leo tunapanda kwa magoti."

Watu wakacheka. Kisha akasogea karibu na ramani, akaweka kidole chini ya mteremko, pale barabara inapopinda. Akasema anataka kujenga hapo. Lori lisimame mlangoni. Alikuwa amechoka kubeba matenga kichwani, na Felista mkewe alikuwa amechoka zaidi.

"Hapa pana rangi gani?"

"Kijani."

"Kijani maana yake nijenge?"

"Maana yake hatukuona hatari."

"Hamkuiona, au haipo?"

Aliuliza kwa kicheko, lakini aliuliza. Katika maisha yangu ya kufundisha sijaulizwa swali lililonyooka kuliko hilo. Nikamjibu, "Kwa anayejenga ni yaleyale."

Jirani yake mmoja akapaza sauti kutoka nyuma: "Jenga, jenga, mkorome wawili, wewe na udongo."

"Hata mimi nakoroma," Kobelo akajibu, "na sijamwangukia mtu."

"Niulizeni mimi," akasema Felista, na uwanja mzima ukaanguka kicheko.

Nimeirudia sehemu hii mara nyingi kuliko nyingine yoyote. Hakuna mtu uwanjani aliyekuwa anaonya. Kwao lilikuwa jina tu, kama majina mengine ya mahali. Nadhani siku za mvua maji yalipita chini kwa chini na sauti ikasikika. Zaidi ya hapo hakuna aliyejua kitu. Lakini mimi nilikuwa nalisikia neno hilo kwa mara ya pili. Nikakumbuka chumba cha kompyuta na kicheko chetu. Sikukumbuka msimbo. Neno lilinijia likiwa hai, kwa sauti ya watu wake, nami nikawa sina njia ya kulirudisha kwenye mistari yake ndani ya mashine, kwa sababu huko halikuwa neno tena. Lilikuwa taa katika chumba cha watu wengi.

Masika yaliyofuata mteremko ulishuka juu ya nyumba yao mpya. Wewe ulitolewa shuleni, ukaletwa msibani, uliyaona, sitayaandika. Nitaandika mawili ambayo hukuyaona, au uliyaona ukiwa mdogo mno kuyaelewa.

La kwanza. Kabla ya kuzika, mkubwa wa ukoo, yule ambaye mama yako humwita mjomba, alinitoa kando nyuma ya jiko. Nilimwamkia, akaitikia. Hakuwa na hasira.

"Mwalimu, mahali pale, ndani ya mashine yako, paliandikwa nini?"

"Mengineyo, mzee."

"Mengineyo ndiyo nini?"

"Ni ile ambayo haikupata jina."

"Ina jina."

"Ndiyo, mzee."

Alisubiri. Niliyokuwa nayo ya kusema yalikuwa mengi: kumbukumbu ya mashine, umeme, taratibu za takwimu zinazokubalika popote. Hakuna hata moja ambalo lingekuwa uongo. Kisha akarudi kwa watu wake.

La pili. Unajua kwamba ukoo wenu una watani wake, na kwamba kwenye msiba watani ndio wenye kaburi na ndio wenye ruhusa ya kusema. Anayekasirikia utani wa msibani hakulelewa. Wenye jiko walikuwa wameyasikia maneno yetu, na kabla jeneza halijatoka yalikuwa yameshafika kwa watani. Mmoja wao alitokea amevaa koti la Kobelo, tenga kichwani, anapanda kwa magoti na kuhema kama alivyohema yeye. Watu walicheka, kama inavyotakiwa wacheke. Akafika penye jeneza, akasimama.

"Tunamzika nani hapa?"

"Kobelo na mkewe," akajibiwa.

Akatoa karatasi tupu mfukoni, akaikagua juu hadi chini. "Kobelo simwoni kwenye orodha. Felista simwoni. Shusheni, shusheni. Leo tunazika Mengineyo."

Mama yako alicheka pamoja na wengine, machozi yakimtoka. Kisha akaacha kucheka, akanitazama. Tangu siku hiyo hajaniita Mwalimu. Huniita Baba Koleta, kwa heshima kamili, na ndugu zake wakishuka sokoni na mizigo yao hupita mtaa wetu bila kuingia. Hatujawahi kugombana juu ya jambo hili. Ungekuwapo ugomvi ningejua mahali pa kuanzia.

Matanga yalipokwisha nilirudi kwenye kompyuta. Fomu za vijana zilikuwa bado kabatini, majina yote kama yalivyotamkwa. Nilikivunja chumba cha kumi na sita. Kila jina nililipa chumba chake, nyumba mbili badala ya moja, nikasubiri umeme, nikaiendesha programu upya kwa data ileile ya kabla ya maafa. Elewa nilichokuwa nakitafuta. Sikutafuta kujisafisha. Nilitaka mashine iniambie kwamba ningeliacha jina lile lisimame peke yake, ramani ingekuwa nyekundu pale penye kidole cha Kobelo. Nilitaka hukumu, ili nijue ukubwa wa ninachobeba.

Haikunipa. Mara ya kwanza ilisema hatari. Nilipoondoa shamba moja tu kati ya yale machache, ikasema salama. Nilipolirudisha hilo na kuondoa jingine, ikasema haijui. Mifano ilikuwa michache mno kumfundisha yeyote chochote. Hata hatia yangu haikutoka ikiwa kamili.

Ndiyo maana sikukujibu mchana. Unasema kweli kwamba diski zenu ni kubwa. Zingelihifadhi jina lile na mengine elfu, na hilo si dogo: nakusihi, popote utakapokuwa, usikubali kutupa orodha ya kurudishia, hata ukiambiwa hakuna atakayeiuliza. Lakini diski kubwa ni ya kuhifadhi. Programu yako, kama yangu, hujifunza kwa wingi, na aliye mmoja haifundishi kitu hata umtunzie jina lake kwa herufi za dhahabu. Kwa hiyo wakubwa wako watakwambia, kwa sababu nzuri kabisa, umchanganye na wengine, nawe utaona kwamba hesabu zinatulia ukifanya hivyo. Zitatulia kweli. Zangu zilitulia.

Nimewahi kufikiri kwamba Mengineyo ingepakwa nyeupe, yaani hatukuangalia, yote yangekuwa mengine. Rangi moja tu, haikuhitaji kumbukumbu wala umeme. Mfadhili angeuliza kwa nini ramani ina matundu, nami ningemjibu. Lakini nikifika hapo namwona mjomba wako amesimama mbele ya ile nyeupe. Alikuwa anataka lori mlangoni. Nyeupe isingempa chakula wala isingempunguzia tenga kichwani. Huenda angejenga. Sijui, na nimechoka kujifanya kwamba nikiendelea kuwaza nitajua.

Leo jioni, mama yako alipokuwa anakunja nguo zako, nilimsikia akikuambia, "Mjomba wako angekuwapo, angekusindikiza mpaka stendi akipiga kelele njia nzima." Ukasema, "Baba atanisindikiza." Akaendelea kukunja, nami sikuingia chumbani. Nitakusindikiza. Nitabeba sanduku, na kama ilivyo kawaida yangu sitapiga kelele. Barua hii nitaiweka juu ya nguo, uisome ukishafika.

Basi yachukulie haya kuwa ndiyo maneno ya njiani, kwa kuwa mwenye kuyasema hayupo. Siku moja, pengine katika wiki yako ya kwanza, atakuja mtu dirishani pako kutoka mahali ambapo hujapasikia, anataka kukatia bima nyumba yake. Utamuuliza anafanya kazi gani, au nyumba imekaa juu ya nini, naye atakujibu kwa jina ambalo wewe na programu yako hamlijui. Ukimpa tarakimu ya mwisho, ile ya Nyinginezo, umemfuta. Ukimpa tarakimu yake peke yake, mashine itamzungumzia kwa kubahatisha, na mtu atayaamini maneno yake. Ukimwacha wazi, kampuni itamrudisha nyumbani mikono mitupu, akajenge vivyo hivyo. Atakuwa amesimama anakungoja, huenda anafanya mzaha kidogo ili usione kwamba ana wasiwasi. Mwanangu, utaandika nini?